Mama Yangu na Meza ya Bwana

Mama yangu alizaliwa Machame, upande wa kusini-magharibi wa Mlima Kilimanjaro, mwaka 1932, akafariki mwaka 2019. Katika miaka hiyo yote alibatizwa, akapata Kipaimara, akafunga ndoa, akazaa, akalea, akafiwa na mume na hatimaye akazikwa, na hayo yote yalifanyika ndani ya usharika mmoja wa Kilutheri ambao kengele yake ilisikika mpaka jikoni kwetu. Watu wanaposema kwamba fulani alikuwa mama mcha Mungu, picha inayokuja haraka ni ya mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini, anayesamehe kabla hajaombwa. Mama hakuwa hivyo. Alikuwa na hasira ya karibu, alikumbuka maneno aliyotukanwa miaka mingi iliyopita, na kusamehe kulimgharimu sana. Ndiyo maana ninataka kuyaandika maisha yake jinsi nilivyoyaona, kwa sababu nimejifunza zaidi kutokana na jinsi alivyopigana na moyo wake kuliko ambavyo ningejifunza kwa mtu aliyezaliwa na upole.

Imani ile aliikuta nyumbani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893 na kufungua hapo kituo chao cha kwanza katika Kilimanjaro, na babu yake mzaa mama alikuwa kijana wakati huo. Kufikia siku za utoto wa mama, Ukristo haukuwa tena jambo la kigeni mlimani. Ulikuwa na shule, na makaburi yenye misalaba kati ya migomba, na nyimbo ambazo wazee walizijua kwa moyo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na ingawa Walutheri wa Marekani kutoka Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia, mzigo mkubwa wa kufundisha na kutunza sharika uliangukia mikononi mwa wachungaji, wainjilisti na walimu wenyeji. Mama alifundishwa Kipaimara katika miaka hiyo na mwalimu mwenyeji, mtu mkali ambaye hakumruhusu mwanafunzi yeyote kukaa chini mpaka amalize kukariri sehemu yake bila kukosea. Alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini Katekisimo Ndogo, ile aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529 ili wazazi wawafundishe watoto nyumbani, aliijua yote: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo na Chakula cha Bwana, pamoja na maelezo ya kila kipengele.

Nasi tuliipata kutoka kwake jioni, wakati wa kupukuchua mahindi au kumenya maharage. Taa ilikuwa koroboi iliyowekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, na ng'ombe walikuwa upande wa pili wa ukuta wakitafuna majani ya migomba. Mama alitaja amri, aliyekuwa karibu naye akaijibu, kisha yeye akauliza maana yake, na huyo huyo akaeleza, huku mikono ya wote ikiendelea na kazi. Hakukuwa na kusifiwa kwa kujibu vizuri. Aliyekosea alirudia, na zamu ikapita kwa mwingine. Nilipokuwa mtoto niliona kuwa ni kazi nyingine tu ya nyumbani, kama kuteka maji kwenye mfereji, na leo ninaamini kwamba hivyo ndivyo alivyotaka tuione: jambo linalofanywa kila jioni, ukiwa na furaha au ukiwa umenuna.

Amri aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo, kwa sababu ya maelezo ya Luther kwamba haitoshi kuacha kumsingizia jirani, bali tunapaswa kumtetea, kumnena vema na kuyachukua mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Wanawake walipokuja kuazima moto au chumvi na mazungumzo yakaanza kumwelekea mtu ambaye hayupo, mama aliuliza, "Na upande wake mwema ni upi?" Aliuliza kwa dhati, akisubiri jibu. Wako waliochukia swali hilo, na wako walioacha kuja kwetu kwa mazungumzo ya namna hiyo, ila nadhani wengi walijua kwamba wao wenyewe wakisemwa, mtu mmoja katika kijiji angeuliza swali hilo kwa ajili yao.

Lakini kiini cha maisha yake hakikuwa hapo. Kilikuwa katika maneno ya Bwana Yesu yaliyomo katika Mathayo 5, kwamba ukileta sadaka yako madhabahuni na huku ukikumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako hapo, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe. Katika usharika wetu wa zamani, waliotaka kushiriki Chakula cha Bwana walijiandaa kabla ya siku yenyewe kwa toba na maombi. Kwa mama, maandalizi hayo yalikuwa na maana moja ya wazi: ukiwa na ugomvi na mtu, nenda ukaumalize. Hakuitafsiri aya hiyo kwa namna ya kuilainisha. Aliisoma kama mtu anavyosoma barua iliyoandikwa kwa jina lake.

Mara ya kwanza ilipombana sana, nilikuwa mdogo mno kukumbuka, na habari zake nimezipata kwa shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa upande wa pili wa ugomvi. Shangazi alifiwa na mume akiwa bado kijana, akarudi kwao, na babu akamkatia sehemu ya kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, inayopakana na ya kwetu. Kwetu mpaka wa kihamba huwekwa kwa kupanda masale, ule mmea wa majani marefu ya kijani ambao kila Mchaga anaujua. Asubuhi moja mama alikuta masale yamesogezwa hatua kadhaa kuingia upande wetu, na mgomba wenye mkungu uliokomaa ukawa upande wa pili. Akaukata mkungu ule mchana kweupe, akaupeleka nyumbani. Shangazi akamwita mwizi mbele ya watu, mama akamwita jina baya zaidi, na tangu siku hiyo wakaacha kusalimiana, ingawa walichota maji kwenye mfereji mmoja na kukaa kanisani madawati mawili tu mbali.

Ilikuwa karibu na mwaka 1964. Tarehe 19 Juni mwaka uliotangulia, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalikuwa yameungana kuwa Kanisa moja, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, likiongozwa na Askofu Stefano Moshi, mwana wa Kilimanjaro, na jambo hilo lilikuwa bado likizungumzwa sana katika mahubiri. Shangazi anasimulia kwamba Jumamosi moja jioni, kesho yake ikiwa ni Chakula cha Bwana, alimwona mama akija na kibuyu cha maziwa mkono mmoja na jani la sale mkono mwingine. Hapa inafaa nieleze kwa wasio wenyeji wa mlimani kwamba mmea ule ule unaoonyesha mpaka ndio pia unaotumika kuomba msamaha: mtu akikuletea sale, ameweka heshima yake yote mikononi mwako, na kulikataa ni jambo zito sana. Mama alisimama nje, hakuingia mpaka alipokaribishwa, akasema, "Wifi, makanisa saba yameweza kukaa meza moja. Sisi wawili tunashindwa nini?"

Shangazi alilipokea jani lile akalia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameyasogeza masale usiku. Na jambo hili ndilo ambalo nimelifikiria kwa miaka mingi. Mama alikuwa na haki. Kila mtu katika ukoo alijua kwamba alikuwa na haki, na kwa desturi yule aliyekosa ndiye anayepaswa kubeba sale. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza kwa nini alikwenda yeye. Akaniambia nifungue Mathayo nisome vizuri: imeandikwa kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, wala haikuandikwa kwamba kwanza uchunguze kama neno lake ni la haki. "Mimi nilimwita jina baya. Hilo lilikuwa langu. Masale yalikuwa yake, na aliyatengeneza mwenyewe." Ni kweli, wiki ile ile shangazi aliyarudisha masale mahali pake bila kuambiwa na mtu. Wawili hao hawakuwa marafiki kwa siku moja, lakini kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuwagombanisha tena.

Baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, mtu msafi wa hesabu, mcheshi, mpenda mbege, ile pombe yetu ya ndizi, aliyekwenda kanisani Krismasi, Pasaka na siku za misiba. Mama hakuwahi kumsema vibaya mbele yetu. Hakuwahi pia kujifanya kwamba baba hayupo au kwamba hana neno katika nyumba; sala ya jioni ilipofika na baba akiwa nyumbani, alimwuliza, "Baba, utatuombea au niombe mimi?" na mara nyingi baba alisema, "Omba wewe, mama watoto," akabaki ameinamisha kichwa. Ndoa yao ilikuwa hivyo, yenye heshima na utulivu wa kutosha, mpaka mwaka 1970 ilipojulikana kwamba baba alikuwa na mtoto nje ya ndoa.

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa miaka sita. Mama yake alikuwa ameolewa mbali, na bibi aliyekuwa akimlea alikuwa amefariki, kwa hiyo ndugu zake walimleta kwa baba yake. Nakumbuka alivyosimama mlangoni akiwa na kifurushi cha nguo kilichofungwa kwa kanga, akitutazama mmoja mmoja. Usharika ulimweka baba chini ya nidhamu ya Kanisa, kama ilivyokuwa desturi, akatengwa na Meza ya Bwana. Mama hakutengwa na mtu yeyote. Alijitenga mwenyewe.

Alikwenda kwa mchungaji akamweleza kwamba hataweza kushiriki. Mchungaji, mtu mwema sana, alimwambia kwamba yeye hana kosa, kwamba Chakula cha Bwana ni kwa ajili ya wenye dhambi na waliojeruhiwa, na kwamba asijinyime kile ambacho Kristo anampa bure. Mama alimjibu kwamba anayajua hayo yote na anayaamini, lakini hawezi kunyoosha mikono kupokea msamaha wa Mungu huku nyumbani kwake kuna watu wawili ambao hataki kuwasamehe, na mmoja wao ni mtoto asiyejua kitu. Ninajua mazungumzo hayo kwa sababu alinisimulia akiwa na zaidi ya miaka sabini, na bado sauti yake ilitetemeka.

Basi kwa karibu mwaka mzima tulimwona akibaki kwenye dawati wakati wengine wakienda mbele. Ibada hakukosa hata siku moja. Aliimba liturgia, alitoa sadaka, alipeleka ndizi na mayai kwenye mnada baada ya ibada, na bahasha yake ya ahadi haikuchelewa. Ila ilipofika zamu ya safu yetu kusimama, yeye aliwapisha wengine kwa magoti yake na kubaki ameketi. Wako walioanza kunong'ona kwamba huenda naye ametengwa kwa siri. Shangazi, yule wa masale, ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha, na kwa kweli hakuwanyamazisha kwa maneno ya upole.

Mtoto yule alimtunza kwa kila kitu. Alimlisha tulichokula sisi, alimshonea sare, alimpeleka shule kwa mkono wake. Kitu kimoja tu hakukitoa: hakumwita mwanangu. Sisi wote tuliitwa hivyo kutwa nzima, hata tukigombezwa, na yeye aliitwa kwa jina lake. Nadhani msichana yule aliliona hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu watoto huyapima maneno ya watu wazima kwa uangalifu kuliko tunavyodhani. Jioni, wakati wa katekisimo, hakukaa kwenye duara letu. Alikaa karibu na mafiga, akichochea moto, na zamu ilimruka bila mtu kusema kwamba imruke.

Jioni moja ilifika zamu ya kaka yangu mkubwa kueleza amri ya nane, naye akakwama katikati. Mama alisubiri. Kutoka kwenye mafiga sauti ndogo ikaendelea pale kaka alipoachia, polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho, kuhusu kumtetea jirani na kumnena vema na kuyachukua mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Alikuwa amesikiliza kwa miezi mingi mgongo wake ukiwa umetuelekea. Mama aliacha kupukuchua, gunzi likabaki mkononi. Alikaa hivyo kwa muda ambao sisi watoto tuliuona mrefu mno, kisha akasema, "Rudia, mwanangu." Msichana akarudia. Mama akasogea kwenye mkeka, akaonyesha nafasi kando yake, na kuanzia usiku ule tulikuwa na dada.

Jumapili iliyofuata yenye Chakula cha Bwana, mama alikwenda mbele. Kwa baba ilichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa moyo wake mwenyewe ulichelewa, na mama hakumsukuma. Mwaka 1974 baba aliomba kurudi kundini. Katika ibada ya namna hiyo anayerudi husimama peke yake mbele ya usharika, akaulizwa maswali na kuombewa. Baba alipoitwa, mama alisimama pamoja naye, akatembea kando yake mpaka mbele, na kukaa hapo muda wote, ingawa hakuna aliyemwita. Mchungaji alimtazama kidogo akaendelea na maswali. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, na nilitazama viatu vyao vinne vikiwa vimepangwa sambamba pale chini ya madhabahu, nikaelewa kitu kuhusu ndoa ambacho mafundisho yote ya ndoa niliyoyasikia baadaye hayajakiongezea mengi.

Mtu anaweza kuuliza mambo haya yalihusiana vipi na Uamsho, ile harakati iliyoanzia Rwanda na Uganda ikaenea Afrika Mashariki yote na kuwagusa Walutheri wengi wa mlimani. Mama aliwaheshimu ndugu waliookoka, aliimba nao, na aliitikia salamu ya "Bwana Yesu asifiwe" kwa moyo wote. Lakini aliwahi kuniambia kwamba kuungama mbele ya mkutano wa watu mia ni rahisi kuliko kwenda kwa mtu mmoja uliyemkosea na kubisha hodi mlangoni kwake. Sidhani kama alikuwa akiwahukumu. Alikuwa akisema lililokuwa gumu kwake, na mimi nimeona mara nyingi kwamba ni gumu kwa watu wengi.

Kisha ikaja miaka ya shida. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa na Serikali, na baba akapoteza kazi yake ya ukarani. Baada ya vita vya Kagera bidhaa ziliadimika, watu wakapanga foleni kwa sabuni na sukari, tukala ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada ambao wengi walikuwa hawajauzoea. Mlimani kahawa ilikuwa mali ya wanaume, lakini ndizi na maziwa vilikuwa vya wanawake, na ni kwa ndizi na maziwa mama alivyotusomesha. Alishuka sokoni na mzigo kichwani kabla ya mapambazuko, akapanda mlima mchana, akaenda kukata majani ya ng'ombe, na Alhamisi alikuwa kwenye Umoja wa Wanawake akifundisha wenzake kuweka akiba. Katika miaka hiyo hiyo, kidogo kidogo, alinunua kwa fedha yake mwenyewe ekari moja na nusu tambarare, kule chini kunakolimwa mahindi na maharage. Baba alitia sahihi kama shahidi. Shamba hilo litarudi katika habari hii.

Baba alifariki mwaka 1996. Siku za mwisho aliomba aletewe Chakula cha Bwana nyumbani, na kabla mchungaji hajafika alimwita mama akamwuliza kama kuna neno lolote limebaki kati yao. Mama alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila alipoulizwa swali, akamwambia limebaki moja, nalo ni kwamba yeye, mama, hakuwahi kumshukuru kwa kutokumwacha siku alipokuwa hawezi hata kumtazama. Baba alidhani angekumbushwa kosa lake. Alipokea shukrani.

Ujane wake ulikuwa mrefu, na sina mengi ya kuusimulia, kwa sababu siku zake zilifanana. Macho yaliingiwa na mtoto wa jicho, na baada ya upasuaji jicho moja tu ndilo lililoona vizuri, lakini kitabu cha nyimbo alikuwa amekwisha kukihamishia kichwani. Mtu alitaja namba, yeye akaanza ubeti wa kwanza. Wimbo wa Luther unaotokana na Zaburi ya 46 aliuimba alipokuwa na maumivu, na zaburi yenyewe aliisema kwa sauti: "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu, msaada utakaoonekana tele wakati wa mateso." Kanisa letu lilipoanza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya wazee wa rika lake walinung'unika. Mama alisema kwamba aliyemfundisha Sala ya Bwana alikuwa mwanamke, na sala hiyo imefanya kazi maisha yake yote. Miaka ya mwisho, alipokuwa hawezi tena kufika kanisani, aliyemletea Chakula cha Bwana nyumbani alikuwa mchungaji mwanamke, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, na mama alimwita mchungaji wangu kwa heshima ile ile aliyowapa wa zamani.

Desturi yake haikubadilika hata hapo. Mchungaji alipotuma salamu kwamba atakuja Ijumaa, mama alituita Jumatano. Walioko mbali walipigiwa simu. Aliuliza kila mmoja wetu, "Kuna neno umeliweka juu yangu?" Baadhi ya ndugu zangu waliona ugumu wa kujibu swali la namna hiyo kwa mama mzazi mwenye zaidi ya miaka themanini, wakasema hapana, hakuna. Alijua kutofautisha hapana ya kweli na hapana ya adabu, na kwa hiyo ya pili alinyamaza akisubiri mpaka neno litoke. Kaka yangu mmoja alimweleza hapo, kwa simu, jambo la miaka arobaini iliyopita, kuhusu ada iliyokosekana mwaka wake na kupatikana mwaka wa mdogo wake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, hakujitetea kwa habari za shida ya miaka ile, akamwomba msamaha. Kaka hakuweza kuendelea kuzungumza, akakata simu, na jioni akapiga tena.

Siku ya maziko kanisa lilijaa, na mhubiri alisoma Mithali 31, kama inavyosomwa katika maziko mengi ya akina mama: "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona? Maana kima chake chapita kima cha marijani." Ni maneno mazuri na mama alistahili kusomewa, maana alikuwa mtu wa kazi kweli kweli. Hata hivyo, sura ile inamsifu mwanamke aliyefanikiwa katika yote aliyoyagusa, na mama niliyemjua mimi alishindwa mara nyingi kwanza, akabaki kwenye dawati, kisha akasimama. Kama ningeulizwa, ningeomba Mathayo 5 isomwe pia.

Aliyemwosha mama na kumvisha kwa ajili ya safari yake ya mwisho ni dada yetu yule, akisaidiwa na shangazi ambaye alikuwa ameletwa kwa kushikwa mkono kwa sababu ya uzee. Na baada ya msiba, kikao cha ukoo kilipokaa, ilisomwa karatasi ambayo mama alikuwa ameiandikisha mbele ya wazee wa kanisa. Kihamba na nyumba vilikwenda kwa mdogo wetu wa mwisho wa kiume, kama mila yetu inavyoelekeza, na hakuna aliyeshangaa. Shamba la tambarare, lile alilolinunua kwa ndizi na maziwa, alimpa dada. Kwetu mabinti hawakuwa wakirithi ardhi, na binti aliyezaliwa nje ya ndoa hakutajwa kabisa katika mambo hayo, kwa hiyo kulikuwa na minong'ono, na kaka yangu mkubwa alikataa kuweka sahihi siku ile. Aliondoka bila kuaga.

Kikao kiliahirishwa. Jumapili ya Chakula cha Bwana ilikuwa imekaribia, na sote tulikuwa bado mlimani. Hakuna aliyemkumbusha kaka chochote. Tuliogopa, na wengine tulikuwa bado tumekasirika. Jumamosi jioni alikwenda mwenyewe nyumbani kwa dada. Siyajui maneno waliyosema, maana walikuwa wawili tu, na wote wawili wamekataa kusimulia. Jumatatu kaka aliweka sahihi, na msimu uliofuata yeye ndiye aliyepeleka trekta kulilima shamba lile, kwa sababu dada alikuwa hajapata fedha ya kulilipia.